Mama mkwe wangu Mchina hataki kupumzika

Msomaji wetu mzaliwa wa Tanga, aliyeolewa Brooklyn, New York, ameandika: "Shangazi, mama mkwe wangu ana miaka 78. Alitoka Taishan, kusini mwa China, mwaka 1979, akashona nguo viwandani Manhattan hadi magoti yakamshinda. Nilipojifungua pacha alinilea mwezi mzima. Mpaka leo anaamka saa 11 alfajiri, anapika, anapeleka watoto shule, mwenyewe anakula kiporo. Nikaleta dada wa kazi, nikamwambia apumzike. Siku ya tatu leo hasemi nami. Nimekosa nini?"

Mwanangu,

Nia yako njema, ila umempokonya jiko. Alichosikia yeye ni kwamba nyumba hiyo haimhitaji tena.

Kwa akina mama wa rika lake kutoka Guangdong, jimbo la Taishan yake, mapenzi hupakuliwa kwenye bakuli. Hakwambii anakupenda, anakuletea chungwa limeshamenywa. "Umeshakula?" kwao ni salamu. Njaa kuu ya China ya 1959 hadi 1961 ilimkuta binti mdogo, kwa hiyo usimgombeze kwa kiporo. Huko viwandani nako walilipwa kwa kipande, mkono ukisimama na pesa imesimama. Na wasidhaniwe wanyonge: mwaka 1982 washonaji wapatao 20,000 wa mtaa wa Wachina wa Manhattan, wengi wao wanawake, waligoma kudai mkataba wao. Mtu wa namna hii huruma humuumiza. Mwezi aliokulea na tangawizi na maji ya moto ndiyo arobaini yenu ya Tanga, na unajua mzazi wa kwenu angejisikiaje kuambiwa kaa pembeni.

Basi rudisha jiko leo hii. Dada wa kazi afue, adeki, abebe takataka. Sufuria asiguse bila ruhusa ya mama. Maneno hayo ayaseme mumeo, kwa lugha ya kwao, wewe ukiwa umekaa hapo. Asitaje uzee. Aseme mke wake anataka kujifunza supu kabla watoto hawajakua.

Kisha mpunguzie mizigo mizito, kazi mwachie. Supu ya Kikantoni, yaani ya huko Guangdong, hutokota saa mbili hadi tatu. Hatari iko kwenye kunyanyua sufuria iliyojaa. Yeye aonje na kuamuru, wewe unyanyue. Mchele ununuliwe mifuko ya kilo 5, ukae usawa wa kiuno, si kwenye rafu za chini. Ndara zinazopwaya zitoke, apate viatu vya ndani vyenye kisigino kilichofungwa.

Uji wa asubuhi ndio unaomwamsha saa 11. Usiku osheni kikombe 1 cha mchele, upakeni mafuta kijiko kidogo na chumvi kidogo, mtie kwenye sufuria ya umeme ya wali yenye programu ya uji, maji vikombe 9, mtege saa. Maji yakizidi alama ya uji iliyomo ndani, utafurika na atasema mashine haifai, hataigusa tena. Mara ya kwanza mpike mchana, auone kwa macho yake.

Magoti yanataka daktari. Mkipanga miadi, ombeni mkalimani wa Kitaishan. Asipopatikana, wa Kikantoni. Mkisema "Kichina" tu mtaletewa wa Kimandarini, lugha rasmi ya China, na mama ataitikia kwa kichwa bila kuelewa. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu haipaswi kuwatoza kwa huduma hiyo. Mumeo asitafsiri yeye: mama hatataja maumivu mbele ya mwanawe. Ombeni kipimo cha uimara wa mifupa, ambacho wanawake wa Marekani hushauriwa kufanya kuanzia miaka 65, na cha homa ya ini aina ya B kama hajawahi kupima. Bebeni dawa zake zote za mitishamba kwenye mfuko. Kama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, mizizi ya dong quai, dawa ya asili ya Kichina, anayotia kwenye supu inaweza kumsababishia kutokwa damu, na daktari hawezi kubashiri asichoonyeshwa. Maziwa yakimsumbua tumbo, msimlazimishe. Kwa mifupa, tofu, yaani maziwa ya soya yaliyoshikamanishwa kwa chumvi ya kalsiamu, na mboga ya majani ya bok choy humsaidia.

Neno "pumzika" liache kabisa. Mwambie kuna wazee wa kwao wanacheza karata na kupiga zeze pale Columbus Park, bustani ya mtaa wa Wachina wa Manhattan, na wewe huwezi kwenda peke yako.

Mezani sasa. Kwa desturi yao mdogo humwita mkubwa chakulani kabla ya kugusa chochote. Wafundishe pacha waseme "Maa-maa, sik faan", yaani bibi, karibu chakula. Hicho ni Kikantoni, mumeo arekebishe kwa matamshi ya Taishan. Mpe bakuli lake kwa mikono miwili. Siku ya samaki, usidhani kichwa ni chakula cha dhiki: chukua kwa vijiti ile nyama laini ya shavuni, umwekee juu ya wali. Atakurudishia. Mwekee tena.