Upepo Ukikatika Ghafla, Usifungue Mlango

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Mafia na pwani yote ya kusini, naandika kwa ajili ya dakika chache ambazo naomba Mungu zisiwafikie kamwe. Ni zile dakika ambapo kimbunga kimevuma usiku kucha, halafu upepo unakatika ghafla, mvua inaacha, jua linachungulia, na watu wanatoka nje wakimshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Mimi nilitoka. Kovu la kiganja cha kulia ndilo linaloniandikisha haya.

Kwetu ni Mikindani. Dada yangu ameolewa Mecúfi, wilaya ya pwani iliyo kusini kidogo ya mji wa Pemba, Msumbiji. (Nasema Pemba ya Cabo Delgado, si kisiwa chetu cha karafuu.) Desemba 2024 alikuwa amejifungua, nikaenda kumuuguza. Jumamosi tarehe 14 tukasikia kwamba kimbunga Chido kimeipiga Mayotte na kinakuja kwetu. Tahadhari ilitolewa mapema, sina lawama. Kule wana utaratibu wa rangi: bluu kimbunga kikiwa bado mbali, njano kikikaribia, nyekundu kikibakiza saa chache. Tulikuwa tumechota maji, tumepika, tumefunga kuku. Tulijua kinakuja. Tusilolijua ni kwamba kina katikati.

Nyumba ya dada ilikuwa na sehemu mbili. Mbele, upande wa kusini, ni matofali. Nyuma, upande wa kaskazini, vyumba viwili vya fito na udongo. Paa bati. Upepo ulianza kupanda usiku, ukitoka kusini. Sisi watu wa pwani kusi tumezaliwa nalo, lakini lile halikuwa la kupandishia tanga. Kulipokucha Jumapili madirisha ya mbele yalikuwa yanatetemeka ndani ya fremu, na shemeji akatuhamishia chumba cha nyuma. Aliamua vizuri. Mbele kulikuwa kunapigwa, nyuma kuna utulivu kidogo. Tukalala chini kwenye mkeka, dada amemkumbatia mtoto, mimi nimewafunika kwa godoro.

Kisha ukakatika. Haukupungua, ulikatika, kama mtu aliyefunga mlango. Masikio yaliniziba kama ya mpiga mbizi. Joto likatujaa chumbani, joto zito la kukwama. Kupitia tundu la ukuta niliona mwanga wa jua juu ya matope.

Shemeji alisema anakwenda pwani mara moja kuangalia dau lake. Dada akasogea na mtoto mlangoni apate hewa. Mimi nikatoka uani kukusanya mabati yaliyotawanyika. Ndege wawili wa baharini walikuwa wametua uani, wenye mabawa marefu, wamechoka kiasi kwamba nilipita karibu nao wasiruke. Juu mbingu ilikuwa nyeupe na angavu, lakini pembeni, pande zote, kulikuwa na wingu lililosimama kama ukuta wa kisima. Nilidhani ni mvua inayoondoka.

Bibi jirani yetu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba yake ya saruji, anatupungia mikono yote miwili. "Rudini ndani! Haujaisha, unageuka tu! Mlete mtoto huku!" Bibi yule alihamia kutoka Mossuril, mkoa wa Nampula, na Machi 2022 kimbunga Gombe kilimpitia huko. Yeye alishaonja. Dada alimtii palepale, akavuka na mtoto. Mimi nikasema nimalizie bati moja.

Ilianza kwa mngurumo, na haukutoka kule kusini nilikokuwa nimekupa mgongo. Ulitoka mbele yangu, kaskazini. Lile bati nililolishika upepo ulininyang'anya, likapita na nyama ya kiganja. Nilitambaa hadi kwa bibi. Kutoka pale kwake tuliona ukuta wa udongo wa chumba cha nyuma, kile tulichojificha tangu kulipokucha, ukiingia ndani wote kwa mara moja na kuangukia mkeka wetu. Utulivu wote ule haukufika nusu saa.

Shemeji alirudi jioni, bega limechanika. Dau hakuliona. Anasema alipofika pwani upepo ulikuwa umelala lakini bahari haikulala hata kidogo: mawimbi yalikuja kutoka kila upande yakigongana, maji yanaruka juu kama yanachemka.

Sasa nieleze kilichotupata, maana baadaye nililiuliza na kulisoma mpaka nikalielewa. Kimbunga ni upepo unaozunguka. Hewa inavutwa kwenda katikati, lakini kadiri inavyokaribia inazunguka kwa kasi zaidi, mpaka inafika mahali haiwezi kuingia tena, inapanda juu. Mahali pale panakuwa pete ya mawingu marefu, yaliyosimama kama ukuta, na ndipo penye upepo mkali kuliko kote. Ndani ya pete hiyo hewa inashuka badala ya kupanda. Ikishuka inapata joto, mawingu yanakauka, ndiyo maana jua linaonekana. Hilo ndilo jicho. Mara nyingi upana wake ni kilomita 30 hadi 60 hivi, ingawa mengine ni madogo zaidi, na linasafiri pamoja na kimbunga chenyewe. Kwa hiyo ukiwa ndani ya jicho umeshapita ukuta mmoja na umezungukwa na ukuta uleule. Ili kimbunga kiondoke, lazima ukuta wa pili nao ukupitie.

Na kwa kuwa upepo unazunguka, ukuta wa pili unakuja na upepo kutoka upande wa pili. Huku kwetu, kusini mwa ikweta, vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kimbunga kinachotoka baharini kuelekea magharibi, jicho lake likipita juu yako, kitakupiga kwanza kwa upepo wa kusini, kisha kitarudi na upepo wa kaskazini. Kila kilichokuwa salama kwa sababu kilijificha nyuma ya nyumba sasa kiko mbele. Mti uliolala upande mmoja usiku kucha, mizizi imeshalegea, unasukumwa upande mwingine. Mabati na mbao zilizokwama kwenye michongoma zinang'oka na kurudi. Naamini hii ndiyo sababu watu wengi huumia katika kipindi cha pili: nyumba imeshachoka na watu wako nje.

Utajuaje kama ni jicho au kimeisha kweli? Angalia namna upepo ulivyoondoka. Kimbunga kinachoisha kinapungua kwa saa nyingi, kinavuma na kupoa, kinavuma na kupoa, na upepo unageuka taratibu. Ukikatika ndani ya dakika chache kutoka kwenye ukali wake wa juu kabisa, hilo ni jicho, hata kama jua halikutoka, maana majicho mengine yamejaa mawingu. Usisubiri kuthibitisha. Wengine jicho halitawapitia kabisa. Wao wataona upepo unageuka upande bila kutulia, na wasishangae.

Sasa dakika hizo uzitumie vipi? Kwanza hesabu watu. Ita majina, mguse kila mmoja. Kama nyumba imeshapasuka na kuna nyumba imara unayoiona kwa macho, nenda sasa hivi na watoto, mikono mitupu, bila kurudi kuchukua kitu. Kama nyumba inashikilia, bakini ndani ila hameni upande: mlikojificha ndiko kutakakopigwa. Funga madirisha ya upande ule ambao ulikuwa umetulia, sukuma kabati au kitanda mlangoni, zima moto. Aliyeumia mfunge kitambaa. Muda mkiuona mrefu msiuamini. Jicho la kilomita 30 linalosafiri kilomita 20 kwa saa linaweza kukupa saa moja na nusu likikupitia katikati. Likikupitia kwa ukingo tu ni dakika chache, na wewe uliye chini huwezi kujua uko wapi ndani ya duara. Pwani usiende. Chombo ukikipoteza kinauma, nimemwona shemeji alivyolia, lakini chombo hutengenezwa.

Kwa ndugu zetu walioko Oman: huko kaskazini mwa ikweta mzunguko ni kinyume. Ukiuelekea upepo, katikati ya kimbunga iko mkono wako wa kulia. Huku kwetu iko kushoto. Jicho lenyewe ni lilelile, na dawa yake ni ileile.

Najua kuna atakayesema vimbunga ni vya Msumbiji, sisi Tanzania tuko karibu na ikweta. Ni kweli vinatufikia mara chache. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, na baada yake Pemba ndiyo ikashika karafuu. Aprili 1952 kilikuwa zamu ya Lindi. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimeshapoteza nguvu nyingi. Uchache huo ndio unaonitia hofu. Bibi wa Mossuril alijua kwa sababu alishapigwa. Kwetu aliyepigwa na kukumbuka ni nani? Mtoto wa Msanga Mkuu au Kilindoni anajifunza wapi kwamba kimbunga kina tumbo tupu katikati? Kwa hiyo ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inataja kimbunga, waambie watoto habari hii kabla upepo haujaanza. Ukishaanza hakuna anayemsikia mwenzake.

Chido kiliangusha karibu kila nyumba ya Mecúfi, na Msumbiji ilizika watu zaidi ya 100. Dada bado anaishi huko. Wamejenga tena, safari hii vyumba vya nyuma navyo ni vya tofali, na boriti za paa zimefungwa kwa nondo mpaka kwenye msingi. Nilipokwenda mara ya mwisho shemeji alinionyesha milango: mmoja unatazama kusini, mwingine kaskazini, na kila mmoja una komeo kwa ndani.