Mabakuli yanapasuka kabla hayajakauka

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nakereza mabakuli ya mwembe mbichi, upana sentimita 30, kisha nayaacha karakanani yakauke kabla ya kuyamalizia. Hayapiti siku chache, ukingo umepasuka. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Yanakauka upesi mno. Kiangazi cha Dodoma kinanyonya maji ya juu kabla ya ndani hayajapata njia. Nje kunasinyaa, ndani kumejaa, mbao inaachana. Zitazame hizo nyufa: nyingi ziko pande mbili zinazoelekeana, pale nyuzi za mbao zilipokatwa vichwa. Huko ndiko maji hukimbilia kutoka.

Kiini cha gogo, ile nukta ya katikati kabisa, kisibaki ndani ya bakuli. Kikibaki, hakuna dawa. Acha unene wa sehemu moja ya kumi ya upana, yaani sentimita 3, sawasawa kutoka ukingo hadi kitako. Kitako kinene huwaponza wengi. Paka nta iliyoyeyushwa kwenye vichwa vya nyuzi, nje na ndani. Litie bakuli kwenye mifuko miwili ya karatasi (wa saruji uliokung'utwa vizuri unafaa), uliweke sakafuni, mbali na upepo na joto la bati. Nailoni ni ya kufunikia kazi ukienda kula tu. Ndani yake mwembe huota ukungu na madoa haraka.

Pima uzito kila wiki, uandike kwa penseli kitakoni. Usipopungua wiki tatu mfululizo, lirudishe kwenye mashine ya kukerezea. Litakuwa limepinda kidogo kama yai, na ule unene ndio utakaokuwezesha kulirudisha duara.