Kabla ya Kuona Sebule, Mpangaji Ameshaona Fensi

Mtu akikupigia simu kuulizia nyumba Dar es Salaam, kabla hajafika kwenye idadi ya vyumba mara nyingi atakuwa ameshauliza: "Ina fensi?" Madalali wanalijua hilo, ndiyo maana matangazo yao hayakosi maneno "ndani ya fensi". Ila fungua picha zenyewe. Utaona sebule, jiko, choo na dari la jipsamu. Fensi haimo, au imo nusu tu, geti limefungwa na bodaboda imeegeshwa mbele yake.

Mimi nasimamia nyumba ya familia yetu huku Tegeta, na kwa miaka hii ya kutembeza wapangaji na wanunuzi nimeona kwamba mtu huanza kuamua akiwa bado barabarani. Anautazama ukuta, anatazama wa jirani, halafu ndipo anashuka kwenye gari. Kwa hiyo kama una hela kidogo ya kuiandaa nyumba kabla ya kuitangaza, anzia nje.

Shika kwanza sehemu ya chini ya ukuta. Huku pwani chumvi na unyevu hupanda kutoka ardhini, lipu inavimba, inabanduka, na masika inarusha tope juu ya kilichobaki. Kupaka rangi juu ya lipu iliyooza ni kutupa pesa, kwa sababu baada ya mvua chache itabanduka tena, na mnunuzi mzoefu ataigonga kwa kidole asikie kama ina uwazi. Mwambie fundi abandue yote iliyolegea, apige upya, aache ikauke vizuri ndipo apake. Kozi mbili za chini, yaani mistari miwili ya tofali, zipakwe rangi nzito, kijivu au kahawia, ili tope lisionekane kila mvua ikinyesha. Na zibua yale matundu ya kupitishia maji. Yakiziba, maji hutuama uani na kuusukuma ukuta. Mtu anayekuja kuona nyumba mwezi wa nne atakwenda kuyaangalia kabla ya kitu kingine.

Geti nalo lifanye kazi mbele ya macho yake. Kutu iparuliwe kwa msasa, ipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi yenyewe, bawaba zitiwe grisi. Kama ni la kuteleza, fagia reli yake. Nimeona mama mwenye watoto wadogo akilifungua na kulifunga geti mara kadhaa, akajaribu komeo la mlango mdogo kwa mkono mmoja, kisha akaanza kuzungumzia kodi. Vyumba alikuwa hajavikagua bado.

Picha zipige asubuhi au jioni, jua likiwa chini, maana la saa sita huufanya ukuta mweupe ung'ae hadi usionekane kitu. Simama upande wa pili wa barabara upate kona hadi kona. Piga geti likiwa wazi, ili mtu aone gari linaingia na kugeuka. Piga ukuta wa nyuma pia, ule ambao wengi huuficha, maana mwizi hapiti getini. Halafu moja ya magharibi, taa za ukutani zikiwa zimewashwa. Kwa mwanamke anayeishi peke yake na kurudi kazini usiku, hiyo picha ina uzito kuliko ya jiko. Kibao cha anwani za makazi, vile vilivyobandikwa kwenye operesheni ya 2022, kisafishe kisomeke kwa anayekuja, lakini usikioneshe kwenye picha unazosambaza mtandaoni kama nyumba haina mtu.

Kwa anayeuza, kuna jambo kubwa kuliko rangi: bikoni, yale mawe yenye namba yanayoonesha mipaka ya kiwanja. Wanunuzi wa Dar hawajasahau bomoabomoa ya 2017 kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, wala zile alama nyekundu za X kwenye kuta. Mtu akiuona uzio mzuri anajiuliza umesimama juu ya ardhi ya nani. Usimwache na wasiwasi huo. Fyeka ukoka kwenye kona, chimbua udongo uliofunika bikoni, isugue kwa brashi hadi namba zake zisomeke, kisha weka pembeni ramani ya kiwanja iliyo kwenye hati ili alinganishe namba mwenyewe, kona kwa kona. Nimewahi kumwona mnunuzi akipiga picha bikoni zote, akazituma kwa mtu wake wa upimaji papo hapo, na mazungumzo ya bei yakawa mepesi toka hapo. Kama ukuta umetoka nje ya mpaka, hata kwa hatua moja, mwambie mapema. Mpimaji wake ataliona, na likitoka kwake hatakuamini tena hata kwenye mengine.

Wenye uzio wa michongoma, hasa Arusha na Moshi, msiuonee haya. Ukatwe usawa, mapengo ya chini yazibwe kwa wavu, nao unavutia sana kwa mpangaji anayependa upepo.

Kwenye tangazo, sema urefu. Kozi 8 za tofali ni karibu mita 2, na kila aliyewahi kujenga anaelewa. Sema kama juu kuna seng'enge au nyaya za umeme, na kama zinafanya kazi. Na kama ndani ya fensi hiyo kuna nyumba tatu, andika tatu. Eleza geti linafungwa saa ngapi usiku, nani ana funguo, na taa za nje zimeunganishwa kwenye mita ya umeme (LUKU) ya nani.