Yaya, ulienda Ulaya kupika mikate? Jibu langu kwa wa nyumbani Bukavu

Swali limetoka Kadutu, kule kwetu Bukavu, Kongo. Mdogo wangu, anayeniita Yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa, aliona picha yangu nina unga mpaka kwenye viwiko, akaandika: "Yaya, ulienda Ulaya kupika mikate? Si hata hapa tunayo?" Wengine wakafuata na maswali ya siku zote: unalipwa ngapi, wazungu wanakupenda, na sisi tuje lini. Nawajibu wote pamoja, bila kuficha.

Habari ya pesa niimalize upesi. Huku Ufini nasafisha ofisi alfajiri, kabla wenyewe hawajaingia. Mshahara hauchelewi, lakini hauketi: kodi ya nyumba, umeme, tikiti ya basi, na kodi ya serikali inayokatwa kabla hujaishika. Kinachobaki ndicho ninachowatumia. Nikisema sina, jamani, sina. Diploma yangu ya ualimu bado haijanifikisha mbele ya darasa, kwa sababu wanataka Kifini kwanza, na Kifini ni kigumu.

Ila kilichoniumiza zaidi si kazi. Ni ukimya. Nyumbani jioni haipiti bila mtu kupiga hodi, hata kama amekuja kuomba chumvi tu. Huku jirani anakuinamishia kichwa kwenye ngazi, mlango unafungwa, basi. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi, unarudi kazini gizani, hakuna sauti ya mtu. Nilidhani wanatuchukia. Sasa najua kwamba wengi wanaogopa kukusumbua, na wanangoja wewe useme unahitaji nini.

Aliyenifunulia hayo ni mama mmoja mzee tuliyefahamiana kanisani, yeye na mume wake, wanakaa shamba nje ya mji wa Turku. Siku moja aliniambia nije Ijumaa jioni, nilale kwao, kesho yake tupike mkate.

Unga wake ni wa rai, nafaka ndugu ya ngano inayovumilia baridi yao. Hatumii hamira ya dukani. Ana pipa dogo la mbao ambalo halioshwi kamwe: masalio ya kinyunga cha mara iliyopita yanakauka ubaoni, na hayo ndiyo yanayochachua kinachofuata. Ijumaa tulikoroga maji ya vuguvugu na unga humo, tukafunika kwa kitambaa. Asubuhi kinyunga kilikuwa kimepanda na kutoa povu, na harufu yake kali kama kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iliyokomaa. Ndipo tukatia chumvi na unga mwingine, tukakanda. Rai haivutiki kama ngano, inang'ang'ania vidole, kwa hiyo unalowesha mikono kila mara. Unatengeneza duara bapa lenye tundu katikati. Zamani upande huu wa magharibi walipika mara chache tu kwa mwaka, wakapitisha ufito kwenye matundu na kuining'iniza mikate chini ya dari ikauke, wale miezi na miezi.

Tanuri lao ni la matofali, kubwa kuliko kitanda changu. Kuni zinawaka humo mpaka zinakuwa makaa, makaa yanaondolewa, sakafu inafagiwa. Kisha mama anarusha unga kidogo ndani: ukiungua papo hapo, tunangoja, ukigeuka kahawia polepole, mikate inaingia.

Mikono ikiwa kwenye unga, mdomo unafunguka. Kifini changu kimekua pale mezani kuliko darasani. Pale ndipo aliponihadithia njaa ya 1866 hadi 1868, iliyoua karibu asilimia 8 ya watu wa nchi hii, wakati wazee wao walichanganya maganda ya msonobari kwenye unga ili wapate mkate. Nyinyi mnaodhani Ulaya ilizaliwa imeshiba, sikieni hilo. Kwa ajili ya miaka 100 ya uhuru wa Ufini, iliyotimia 2017, watu walipiga kura ya chakula cha taifa, wakachagua mkate huu wa rai. Mimi nilielewa kwa nini.

Na Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na simu ya Mama ikawa haipatikani, nilikuwa kwao. Mama yule alizima redio, akavuta kiti, akaketi nami mpaka Mama akapokea. Hakuniuliza neno. Siku ile niliacha kujiona mgeni nyumbani mwake.

Kuhusu kuja, siwezi kumwambia mtu aje wala asije, maana kila mmoja anajua kinachomkimbiza. Lakini anayekuja kwa kuamini picha zetu ataumia. Na anayekuja atafute mapema kazi ya kufanya pamoja na wenyeji, iwe kwaya, mpira au jikoni, kwa sababu hawataanza wao.

Na wewe mdogo wangu, mkate huu unaweza kuujaribu. Rai Bukavu haipo, lakini chachu inatoka hata kwa unga wa ngano. Koroga unga na maji sawa kwa sawa kwenye chupa pana, kila siku punguza nusu, ongeza unga na maji mapya, mpaka ianze kupanda yenyewe. Uoke kwenye sufuria juu ya makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko, kama Mama anavyopika keki ya Noeli. Ukianza nitumie picha ya chachu, nikuambie kama iko tayari.