Mteja kasema "sijui" mara kumi na moja

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja ambaye ndo kwanza anaanza kazi hii ya unasihi. Ndefu kweli, nawawekea kipande tu (kaniruhusu): "Kaka nimetoka kwenye kikao natamani kulia. Kijana kaletwa na mama yake, kila nikiuliza anajibu sijui, nimehesabu mara kumi na moja. Nikaona nimuulize swali la muujiza, akacheka. Nimekosea wapi?"

Nilicheka na mimi, sio kwa ubaya jamani, ila hiyo ya kuhesabu sijui za mteja hata mimi nimeshaifanya. Nikamjibu kwa ufupi afu nikajilaza, usingizi ukagoma, manake kanikumbusha jamaa wa funguo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa moto. Nimetoka mafunzoni nimekariri maswali yote ya tiba hii ya kulenga suluhisho (yani tiba ya mazungumzo inayomuuliza mteja anataka mambo yaweje, badala ya kuchimba tatizo), na lile la muujiza ndo nililipenda kuliko yote, lile la tuseme usiku wa leo umelala, muujiza ukatokea, shida iliyokuleta hapa ikaisha, ila hujui kwa sababu ulikuwa usingizini, sasa ukiamka asubuhi utajuaje, kitu gani cha kwanza utakiona kimebadilika? Nilikuwa nalifanyia mazoezi mbele ya kioo kabisa. Basi akaja baba mmoja kaachishwa kazi, anaongea huku anazungusha funguo mkononi, anaeleza madeni, anaeleza alivyoitwa ofisini siku ile, mimi kichwani nawaza tu huyu anazama kwenye tatizo, sisi tunataka suluhisho. Nikamkatisha. Nikamtupia muujiza wangu.

Funguo zikasimama. Akaziweka mezani taratibu akasema, "Hizi ni za ofisini, sijazirudisha bado, ndo nilikuwa nafika huko. Hivi ulikuwa unanisikiliza au unasubiri zamu yako?" Akazichukua akaondoka, hata nusu saa haijafika.

Sasa sikiliza kosa la pili ambalo ni baya zaidi. Kwenye faili nikaandika: mteja mkaidi. Supavaiza wangu akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote, akauliza "mkaidi hapa ni nani?" na watu wakacheka. Miaka imepita na ile cheko bado naisikia. Alikuwa sahihi, nakubali, lakini unamfundisha mtu kusikiliza kwa kumuaibisha hadharani? Haya, tuyaache.

Kilichonifungua akili ni kurudi kwa waanzilishi wenyewe wa tiba hii. Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, waliofungua kituo chao kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1978, hawakuwa na habari hizi za mteja mkaidi. Mwaka 1984 de Shazer aliandika makala akitangaza kwamba ukaidi umekufa, yani hiki tunachokiita ukaidi ni mteja anakuonyesha namna yake ya kushirikiana na wewe, ni juu yako kuisoma. Na lile swali la muujiza, unajua lilitoka wapi? Lilitoka kwa mteja! Berg alikuwa na mama mmoja aliyelemewa, akamuuliza nini kingesaidia, mama akasema labda muujiza tu, Berg akalidaka hapohapo, haya, tuseme umetokea. Alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa nakariri.

Kwa hiyo dada yangu, sijui ya kwanza ikija, nyamaza. Namaanisha nyamaza kweli, pumua, hesabu mpaka kumi kama ni lazima uhesabu kitu. Mara nyingi sijui ni mtu anatafuta, ukiwahi kumjazia maneno umemnyang'anya. Ikija tena, mwambie ni swali gumu kweli, afu mzungukie kwa mtu mwingine: mama yako angekuwa hapa angesema nini? Na huyu wako aliyeletwa, usimpeleke kwenye muujiza, hajaomba muujiza yule, kaletwa! Muulize kuja hapa lilikuwa wazo la nani, na huyo mtu akiona nini ndo atasema basi, huna haja ya kwenda tena. Akikwambia "nataka tu mama aache kunifuatafuata", shika hapohapo, hilo ni lengo halali kabisa, usimwambie hilo sio lengo zuri. Muulize mama akiacha utamuona anafanya nini, na wewe siku hiyo utakuwa unafanya nini. Kazi imeanza.

Kingine ni kipimo cha sifuri hadi kumi, yani unamuuliza mteja ajipime yuko wapi, sifuri ni hali mbaya kabisa, kumi ni mambo yamekaa sawa. Mwezi uliopita (nimebadilisha vitu vidogo asijulikane) nilimuuliza mama mmoja yuko wapi, akanikazia macho akasema "mainasi mbili". Zamani ningemwambia kipimo kinaanzia sifuri mama. Safari hii nikasema mainasi mbili ni pazito, umewezaje isiwe mainasi tatu? Nikanyamaza. Kimya kirefu mpaka nikasikia saa ya ukutani. Afu akasema, "Leo nimechana nywele." Tukakaa kwenye hizo nywele karibu kikao kizima, ilikuwaje akashika kitana leo na sio jana, nani kaona, akasema mwanangu kaniuliza mama unaenda wapi, na hapo ndo akatabasamu. Nilitoka pale natembea kifua mbele, siwafichi.

Ila ndugu zangu tusidanganyane, hilo swali la umewezaje ukiliuliza kama unasoma fomu ni tusi. Mtu anaungua ndani wewe unamuuliza umewezaje na sauti ya kuchangamka? Na mteja akigusia kutaka kufa, weka maswali yako mazuri pembeni, muulize waziwazi, hakikisha usalama wake kwanza na usibaki na hilo jambo peke yako. Wanasihi tuna kiburi sana. Tunapenda mbinu kuliko watu, mteja akikasirika tunajitetea, akinyamaza tunamuita mkaidi, akiacha kuja tunasema hakuwa tayari. Hakuwa tayari nani? Nyamaza, msikilize. Najua nimeshasema, narudia kwa makusudi.

Yule baba wa funguo hakurudi. Nilimpigia mara mbili, hakupokea.

Dada, umesema kijana anarudi Alhamisi. Kabla hujagusa swali lolote muulize tangu mmeachana kipi kimekuwa afadhali hata kidogo, afu ukimaliza niandikie. Ila za kuhesabu sijui usiniletee tena.