Vegan ya Tabata imekufa, ya Paje inajaza

*Shikamoo shangazi. Mwaka jana nilichukua mkopo nikafungua mgahawa Tabata, vegan tupu, hamna nyama, hamna mayai, hamna maziwa, hata asali hamna. Nikapaka kijani, nikabandika picha za maparachichi ukutani. Wali wa brauni na maharage ya nazi na saladi elfu 12. Miezi saba nikafunga. Sasa kuna rafiki yangu nimesoma naye chuo ana banda la makuti Paje kule Zanzibar, anapika hivyohivyo, tena kusema ukweli nampita kupika, ila yeye anajaza. Wabongo hawajaelimika kuhusu afya au mi nina mkosi?*
*Niliyefunga, Tabata*

Marahaba mwanangu, pole sana na mkopo. Mkosi huna, na Wabongo usiwasingizie.

Hebu nikuulize, jana kwenu mlikula nini? Ugali na mchicha nadhani, au maharage. Watu wa Tabata wanakula majani na mbegu wiki nzima na hawaiti vegan, wanaita mwezi umekaba, sasa Ijumaa mshahara umeingia mtu katoka na washkaji zake we unataka umuuzie maharage? Kwa elfu 12? Na mama ntilie yuko pale konani anampa wali maharage elfu 2, mchicha kaongezewa, maji ya kunawa kamiminiwa. Mtu akitoka anatafuta kile ambacho nyumbani hakipo, na kwetu hicho ni mishkaki, kuku wa kuchoma, kitimoto kwa wanaokula. Kwa Mjerumani ni kinyume, soseji amekua nazo, kwake dengu zenye viungo ndo mtoko. Ndo maana Berlin mwaka 2011 lilifunguliwa hadi duka zima la vyakula vya vegan, Veganz, pale Prenzlauer Berg, na watu wakaenda.

Halafu kuna suala la meza, hili wengi hawalioni. Watu hawaendi kula mmojammoja, wanaenda sita. Kwenye sita hao asiyekula nyama labda mmoja, na huyo mmoja hata baa ya nyama choma anapata chipsi na kachumbari, ila wale watano kwako hawapati kitu. Kwa hiyo anayefuatwa ni nani? Na usidhani ni umaskini wetu. New York kuna mgahawa unaitwa Eleven Madison Park, nyota 3 za Michelin, yaani daraja la juu kabisa la migahawa duniani, mwaka 2021 wakaondoa nyama na samaki wote, wakasifiwa na wakasemwa, mwaka 2025 nyama ikarudi mezani. Mpishi wao Daniel Humm akaeleza kwamba shughuli za makampuni, zile za watu wengi kwa mpigo, zilikuwa ngumu kuzipata. Kama matajiri wa New York wanashindwa kukubaliana meza moja, sembuse wa Tabata.

Sasa ukitaka kuona chakula cha mimea kinachouzika Afrika bila tangazo, nenda Addis Ababa siku ya Jumatano au Ijumaa. Waorthodoksi wa Ethiopia siku hizo wanafunga, na kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai, hapo bado Kwaresima yao ya siku 55 na mifungo mingine, ukijumlisha inafika nusu ya mwaka. Kwa hiyo mgahawa wa kawaida kabisa, ambao Alhamisi unakukatia nyama mbichi ukitaka, Ijumaa unakuletea beyaynetu ya mfungo, injera, ile chapati yao pana, juu yake dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde na dengu), kabichi, mboga za majani. Mpishi hahitaji kumshawishi mtu, kalenda ya kanisa imeshamaliza kazi, na meza nzima inafunga pamoja kwa hiyo lile tatizo la watu sita halipo. Umeona lakini? Hata wao wengi hawafungui mgahawa wa mimea tu, wanageuza sufuria kwa siku.

Hapohapo Dar nenda Kisutu, mtaa wa mahekalu. Wahindu wasiokula nyama wapo, wanakula na familia zao, ndo maana migahawa ya mboga inadumu. Ila hiyo siyo vegan, kuna samli na paniri, ile jibini ya Kihindi, mle, usije ukadanganya mteja.

Rafiki yako Paje anauzia nani? Wageni wa kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara, na yoga, wengi wao kwao walishazoea neno vegan kabla hujalijua, na wamekuja hotelini wiki nzima hawana jiko. Juu ya hapo Mzanzibari ana nazi, kisamvu cha nazi, boga la nazi, ndizi za nazi, vyote vinapikwa bila tone la maziwa na vina ladha. Muulize lakini Aprili na Mei masika yakikolea analipaje kodi, akujibu ukweli.

Mi ningekuwa wewe ningetoa hilo neno ukutani. Uza kisamvu na maharage ya nazi mchana maofisini, bei ya mchana, samaki awepo pembeni kwenye sufuria yake. Na kuna Wasabato, baadhi yao hawagusi nyama, wape oda za Jumamosi, pika Ijumaa kabla jua halijazama.

*Shangazi, nina kihoteli Mombasa. Watalii wananiuliza mbaazi na mahamri ni vegan? Niandike kwenye menyu?*
*Mama Mahamri, Nyali*

Mbaazi za nazi ndio, andika tu, ila hakikisha jikoni hakuna anayetia samli kuongeza utamu. Mahamri ndo yana mambo, wengine wanakanda na tui, wengine maziwa ya ng'ombe na yai juu. Kanda na tui, na karai liwe la mahamri peke yake, siyo lile la asubuhi limetoka kukaanga samaki, maana mtalii akinusa changu kwenye hamri hata usipoandika ameshajua.