Fundi Anajibu: Kinga ya virusi isiyoilemea kompyuta

SWALI: Nina stesheneri hapa Morogoro. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka, na Windows 10. Kila nikiiwasha, Task Manager inaonyesha Antimalware Service Executable imeikalia diski asilimia 100. Nimeshauriwa nizime Defender niweke antivirasi nyingine nyepesi. Ni sawa?

JIBU: Usiizime kwanza. Hicho unachokiona ni Defender yenyewe, antivirasi inayokuja na Windows, na faili lake linaitwa MsMpEng.exe. Lina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni ulinzi wa papo kwa papo: kila faili likifunguliwa, linachunguzwa kabla hujalitumia. Nyingine ni ukaguzi wa ratiba, ambao hupita kwenye diski wenyewe. Huo wa ratiba unaweza kuupunguza makali bila kuharibu kinga. Bonyeza kulia kitufe cha Start, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama Admin, yaani kwa haki za msimamizi, kisha andika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kwa kawaida namba hiyo ni 50. Ni wastani wa matumizi ya prosesa, si ukuta usiovukika. Usiandike 0 ukidhani unazima ukaguzi, kwa sababu 0 huondoa kikomo kabisa. Tena namba hii inabana prosesa tu, haiigusi diski. Kwa hiyo kwenye diski ya kuzunguka utapata nafuu, lakini si ya ajabu. Ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu, nunua SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya GB 240 kabla ya kununua antivirasi yoyote.

Ukiweka antivirasi nyingine yenye ulinzi wa papo kwa papo, Defender hujiondoa zamu yenyewe. Tatizo huja pale leseni ya hiyo nyingine inapoisha nayo ikabaki mle ndani: ing'oe yote, usiiache ikining'inia. Kumbuka pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema Defender itaendelea kupokea taarifa mpya za virusi huko hadi Oktoba 2028, ila taarifa hizo hazizibi matundu ya Windows yenyewe.

SWALI: Ofisi yetu Nairobi inatumia QuickBooks, programu ya uhasibu, kwenye mtandao wa ndani. Kufungua faili la kampuni kunachukua dakika nzima. Nataka kuisamehe diski yote ya D isikaguliwe, pamoja na mafaili yote ya .exe. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, na mkubwa. Ukisamehe .exe, umemwondoa mlinzi getini ukamwacha analinda bustani. Msamaha wa aina ya faili haujali folda. Ukishaiandika .exe kwenye orodha, programu yoyote itapita, iwe imetoka kwenye flashi, kwenye barua pepe au kwenye folda ya Downloads. Katika orodha hiyo zisionekane kamwe .exe, .dll, .scr, .msi, .bat, .cmd, .ps1, .js, .vbs, .hta, .lnk, .zip, .iso, wala nyaraka za Office zenye makro kama .docm na .xlsm.

Kabla ya kusamehe chochote, pima. Defender ina kipimo chake, na inashangaza jinsi wachache wanavyokitumia. Katika PowerShell ya Admin andika:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\kipimo.etl

Fungua QuickBooks kama kawaida, fanya kile kinachokwama, kisha rudi ubonyeze Enter ili kurekodi kukome. Halafu:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\kipimo.etl -TopFiles 10 -TopExtensions 10 -TopProcesses 10

Utaona ni mafaili gani, aina gani na programu gani zimekula muda wa ukaguzi. Kama faili la kampuni halimo hata katika kumi za juu, Defender haina hatia. Kachunguze nyaya, swichi, au Wi-Fi ambayo mtu ameunganishia kompyuta ya mhasibu.

Likiwemo, samehe kidogo iwezekanavyo. Nenda Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka hadi Exclusions, bonyeza Add or remove exclusions. Utapewa aina nne: File, Folder, File type na Process. Anza na Folder, lakini iwe ile yenye data tu, mfano D:\Hesabu\Kampuni. Msamaha wa folda hushuka hadi folda zote zilizo ndani yake, kwa hiyo asiwepo mtu anayeshushia humo viambatanisho vya barua pepe. Aina za .qbw, .tlg na .nd unaweza kuziongeza ikiwa data imetawanyika. Ikiwa iko pamoja, folda inatosha.

Process ndiyo inayowachanganya wengi. Ukiweka QBDBMgrN.exe, ambayo ni programu ya QuickBooks inayohudumia data, huisamehi hiyo programu. Unayasamehe mafaili ambayo programu hiyo inayafungua, tena kwa ulinzi wa papo kwa papo peke yake. Ukaguzi wa ratiba utayapitia kama kawaida. Andika njia yote hadi kwenye faili, si jina tupu, maana kirusi nacho kinaweza kujiita QBDBMgrN.exe kikiwa ndani ya Temp.

Mitego mingine ni miwili. Kwa folda ya mtandao, tumia anwani yake halisi, kama \\SEVA\Hesabu, si herufi Z: uliyoipachika. Na usiandike %USERPROFILE%. Defender hufanya kazi kwa akaunti ya mfumo, si kwa akaunti yako, kwa hiyo njia hiyo itaelekea kwingine na msamaha wako hautafanya kazi. Hutaonyeshwa kosa lolote, ndiyo maana watu hukaa miezi wakidhani umekubali.

SWALI: Ninajifunza PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, kwa kutumia XAMPP, seva ya majaribio kwenye kompyuta yangu. Nisamehe C:\xampp yote?

JIBU: Hapana, C:\xampp\mysql\data peke yake. Humo mafaili huandikwa muda wote. Iache htdocs, folda ya kurasa za tovuti, ikaguliwe, kwa kuwa ndiko hati (script) hasidi hutua pale fomu ya kupakia picha inapoandikwa vibaya.

SWALI: Kwenye cyber yetu Mombasa, flashi za wateja zinaonyesha njia za mkato tu, na folda zao hazionekani. Antivirasi inafuta, kesho yake zinarudi.

JIBU: Folda hazijapotea, zimefichwa. Kirusi huzificha kisha huweka mafaili ya .lnk yenye majina yaleyale, na kila mteja akibonyeza anaamsha hati ya .vbs au .js iliyojificha pembeni. Zinarudi kwa sababu kompyuta mojawapo bado inaugua, au kwa sababu mtu aliona ukaguzi unachelewesha wateja akaisamehe E:\ yote. Iondoe herufi hiyo kwenye orodha leo.

Katika ukaguzi kamili, Defender kwa kawaida haikagui flashi. Ibadilishe:

Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false

Kisha kausha chanzo. Katika Registry (hazina ya mipangilio ya Windows, hufunguliwa kwa regedit), chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, tengeneza DWORD yenye jina Enabled na thamani 0. Hati za .vbs na .js hazitaendeshwa tena na Windows. Kama kuna kazi ya ofisi inayotegemea hati hizo, itasimama nayo, basi ulizia kwanza. Ukishasafisha flashi, rudisha folda za mteja kupitia Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badilisha E: iwe herufi ya flashi yenyewe. Na katika File Explorer washa File name extensions, ili picha.jpg.exe ionekane ilivyo.

SWALI: Nimekuta folda mbili kwenye Exclusions ambazo sikuziweka mimi.

JIBU: Chukulia kwamba kompyuta imeingiliwa hadi uthibitishe vinginevyo. Kujisamehe ni moja ya kazi za kwanza za virusi vingi vikishapata haki za msimamizi. Programu zilizovunjwa leseni nazo hukuomba ufanye hivyo kwa mkono wako, "ili isifutwe". Tazama orodha yote ukiwa Admin, la sivyo hutaonyeshwa:

Get-MpPreference | Select ExclusionPath, ExclusionExtension, ExclusionProcess

Ili kujua ziliingia lini, fungua Event Viewer, Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Windows Defender, Operational, utafute namba 5007. Kila badiliko la mipangilio huandikwa hapo na saa yake. Andika pembeni majina ya folda hizo, ziondoe kwenye orodha, kisha endesha Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kujiwasha, kazi ya kama dakika 15. Hakikisha Tamper Protection, inayozuia mipangilio ya ulinzi isichezewe, imewashwa. Kujua kama ulinzi umeamka, shusha faili la majaribio la EICAR. Ni herufi 68 zisizo na madhara ambazo antivirasi huzipigia kelele makusudi. Likikaa kimya ndani ya folda yoyote, folda hiyo bado imesamehewa au ulinzi umezimwa.

SWALI: Laptopu yangu ya Linux ina RAM ya GB 2. Antivirasi ya ClamAV si ndiyo nyepesi kuliko zote?

JIBU: Ni ya bure, lakini si nyepesi. Hupakia orodha yote ya virusi ndani ya RAM, zaidi ya GB 1, na waundaji wake wanapendekeza angalau GB 3. Usiiache clamd, sehemu yake inayokaa nyuma ya pazia, ikiendelea muda wote. Endesha clamscan kwa mkono unapoihitaji, ukiwa umefunga kivinjari:

clamscan -r -i --max-filesize=50M --alert-exceeds-max=yes ~/Downloads

Hilo neno la alert ndilo la kushikilia. Bila hilo, faili lililozidi kikomo huenda likarukwa huku ukiandikiwa OK, nawe ukadhani limesomwa.